Kirungu Nambari 17, Jiwe Nambari 31

Vijana wa kituo waliponifanyia chai ya kuniaga, mmoja wao aliniuliza nimepiga watu wangapi katika maisha yangu ya kazi. Aliuliza kwa mzaha na wenzake wakacheka. Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu liliandikwa, lakini sikulitoa; chai ilikuwa nzuri na sikutaka ipoe. Haya ninayoandika sasa ndiyo jibu. Vyeo na mishahara nitavipita. Hayo yamo katika faili langu, na faili lipo kwa anayelitaka. Nitaandika yale ambayo faili halikuyawekea nafasi.

Niliingia polisi mwaka wa 1964, baada ya Mapinduzi, nikiwa na miaka ishirini na moja. Kabla ya hapo nilikuwa fundi baiskeli Ng'ambo. Shule niliiacha darasa la sita, na mengine nilijifunza mwenyewe kwa vitabu viwili nilivyovinunua barabarani: kitabu cha huduma ya kwanza kisicho na jalada, na kamusi ya Kiingereza iliyoanzia herufi D. Kwa miaka mingi maneno ya A, B na C yalinipita. Lakini mifupa ya mwanadamu niliijua yote kwa idadi, na nilidhani elimu hiyo itanifaa kazini. Ilinifaa siku moja, na siku hiyo ningependa nisingekuwa nayo.

Kituo chetu kilikuwa Mji Mkongwe, nyumba ya kuta nene ambayo sitaitaja kwa jina. Siku ya kwanza nilipewa kaptura iliyonifika chini ya magoti na viatu viwili, cha kulia nambari nane na cha kushoto nambari tisa. Nikapelekwa ghala la vifaa kuchukua kirungu. Mwenye ghala alikuwa Sajenti Vuai, mtu wa Makunduchi, mfupi, mwenye sauti ya pole. Alikuwa mmoja wa askari wachache wa zamani waliobaki kazini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Jina lako?"

"Abdalla."

"Umeshawahi kumpiga mtu, Abdalla?"

"La, afande." Kisha nikakumbuka. "Ndugu yangu, tulipokuwa wadogo."

"Alifanya nini?"

"Sikumbuki."

"Basi ndiyo maana hapa tunaandika," alisema, akafungua daftari.

Daftari lile halikuwa la serikali. Alilipiga mistari yeye mwenyewe kwa rula na penseli nyekundu, na hakuna mkubwa aliyewahi kulidai. Lilikuwa na safu saba: nambari ya kirungu, jina la askari, saa kilipotoka, saa kiliporudi, kimetumika au hakikutumika, mahali mwilini, na sababu. Safu ya sababu aliipa upana wa vidole vitatu tu.

"Mbona ndogo, afande?" nilimuuliza.

"Ukihitaji zaidi ya hapo, huna sababu. Una hadithi."

Kirungu changu kilikuwa nambari 17. Kilitengenezwa kwa mti mgumu mweusi, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole cha kati, na kilikuwa na kamba ya ngozi ya kuzungushia mkononi. Vuai alinifundisha asubuhi nzima namna ya kukishika, na kwa muda mrefu zaidi namna ya kutokishika. Mapaja na makalio, alisema, kwa sababu nyama inapona kwa wiki. Kichwa, shingo na viungo usiguse. Na kamba usiizungushe mara mbili, kwa sababu kirungu ulichokifunga sana mkononi huwezi kukiachia hata ukitaka.

Nyuma ya ghala palikuwa na ubao wa kukalia, na juu yake bati la biskuti. Ndani ya bati mlikuwa na vifungo vya sare, uzi wa kaki na sindano moja. Kanuni ilikuwa hii: askari aliyetoka katika patashika, iwe kashika mwizi au kaamua ugomvi, akirudi anakaa pale, anavua mkanda, anatunga uzi katika sindano. Uzi usipopita, hatoki. Akimaliza ndipo anaandika daftari, na akiandika ndipo anakwenda kwake.

Mwenzangu wa karibu, Konstebo Daudi, kijana wa Ng'ambo mwenye sauti nzuri ya kwaya na ulimi usiotulia, hakuipenda kanuni hiyo.

"Sajenti, sisi polisi au mafundi wa kanzu?"

"Nyinyi ni watu mnaorudi kwa wake zenu. Tunga."

Mimi nina tabia ya kuandika vitu, kwa hiyo nilianza kuandika muda. Baada ya kumshika mwizi wa sokoni mkono wangu ulitulia kwa dakika kumi. Baada ya ugomvi wa mapanga, dakika thelathini na tano. Tulipotoa maiti bandarini haukutetemeka hata kidogo, lakini sikula samaki kwa mwezi mzima. Kwa hiyo nilijua kuwa sindano haipimi kila kitu. Ilipima kimoja tu: kama mkono uliotoka kazini umefika mwisho wa kazi au bado.

Mara moja Vuai alikwenda likizo Makunduchi, na bati la biskuti likakaa bila mtu wa kulisimamia. Wiki hiyo mke wa Daudi alikuja kituoni amejifunika kanga hadi puani, akaomba kumwona Sajenti. Akaambiwa hayupo, akaondoka. Jicho lake lililovimba tuliliona wote. Vuai aliporudi alimkalisha Daudi kwenye ubao kila siku kwa mwezi mmoja, patashika iwepo isiwepo. Leo ningesema Daudi alistahili zaidi ya sindano. Wakati ule sikusema kitu, na hilo nalo naliandika.

Ndipo Vuai aliponieleza bati lile limetoka wapi. Tulikuwa tunasugua pingili za pingu kwa mafuta.

"Nna binti hasikii sikio la kushoto," alisema bila kuinua uso. "Miaka ile ya zamani tulitoka kutawanya watu bandarini. Nikafika nyumbani, mtoto akaniangushia kikombe. Nikampiga kofi moja tu." Akaendelea kusugua. "Sindano haimponyi mtu, Abdalla. Inamchelewesha njiani, basi."

Sasa nafika katika mwaka wa mchele. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nimeshakuwa koplo, na chakula kilikuwa haba mjini. Mchele uliuzwa kwa foleni katika maduka machache. Sisi wa kituo kile mchele wetu uliletwa kituoni, na kila askari alichukua fungu lake. Sikuwahi kupanga foleni hata siku moja. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo lililonipofusha.

Katika uchochoro mmoja upande wa Malindi kulikuwa na duka la namna hiyo, na watu wa mtaa walijiwekea utaratibu wao. Hakuna aliyeweza kusimama kutwa nzima, kwa hiyo kila mtu alileta jiwe. Bi. Mwajuma, mama mtu mzima aliyeaminiwa na mtaa wote, aliyaandika mawe nambari kwa chokaa, akayapanga ukutani kwa zamu. Watu wakaenda zao. Duka likifunguliwa, kila mmoja anaokota jiwe lake. Bi. Mwajuma anasimama mlangoni na kuita nambari. Mwenye nambari anainua jiwe juu alione, anapita, analiacha katika karai, anapimiwa mchele. Bila jiwe hupimiwi. Utaratibu ulikuwa safi kuliko mwingi niliouona serikalini.

Siku moja kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, mchele uliisha pale alipoita nambari thelathini. Watu wakafungiwa mlango. Siku hiyohiyo, katika mtaa mwingine kabisa, mtu alirusha jiwe katika foleni na kumpasua askari wetu mdomo. Sisi tulikuwa siku ya tatu hatujapumzika. Asubuhi, katika gwaride, Inspekta wetu alitutazama mmoja mmoja na kusema, "Leo mtu akishika jiwe, msingoje alirushe."

Tulitoka wanne: mimi mkubwa wao, Daudi, na askari wawili wageni waliohamishiwa kwetu kutoka Pemba wiki ile. Saa mbili na nusu tulifika uchochoroni. Watu walikuwa wengi, wamejibana kivulini kwenye mabaraza, hawasemi sana. Niliyaona mawe chini ya ukuta. Niliyaona, nikayahesabu kwa macho, nikadhani ni kifusi. Nikawapanga askari wangu mbele ya mlango wa duka, migongo kwenye mlango, nyuso kwa watu. Kamba ya kirungu niliizungusha mkononi mara mbili.

Mlango ukafunguliwa nyuma yetu. Watu wote wakainama kwa pamoja, na walipoinuka kila mmoja ana jiwe mkononi. Wakatujia.

Nimejaribu mara nyingi kuandika muda uliopita hapo. Naamini ni pumzi tatu. Katika pumzi ya kwanza Daudi alisema, "Koplo! Koplo, mawe!" Katika pumzi ya pili mwanamke nyuma yangu alipaza sauti, "Thelathini na moja!" Nilimsikia vizuri kabisa. Nilisikia nambari na sikujiuliza ya nini. Katika pumzi ya tatu mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye kofia nyeupe, alitoka mbele ya wenzake na kuinua jiwe juu ya kichwa chake kwa mkono wa kulia.

Nikapiga kelele, "Tawanya!" na nikampiga.

Kirungu kilimpata kwenye kifundo cha mkono. Kifundo kina mifupa minane midogo. Nilisikia mlio, na kile kitabu kisicho na jalada kikanifungukia kichwani ukurasa wenyewe. Jiwe likaanguka. Daudi na wale wawili wameshaanza kupiga, watu wanakimbia, wengine wameanguka kwenye baraza. Sauti iliyotusimamisha haikuwa ya mkubwa yeyote. Ilikuwa ya Bi. Mwajuma, amesimama katikati yetu na karai lake kiunoni.

"Nyie watu! Nyie watu, mna wazimu? Hayo mawe ya foleni! Tazameni, yana nambari!" Akanigeukia. "Wee mwanangu, husomi? Wamekupa mistari ya ukoplo mkononi hukujua kusoma?"

Nilitazama chini. Jiwe lililoanguka lilikuwa limelala kwa mgongo, na chokaa yake ikisomeka vizuri: 31.

Kisha likatokea jambo ambalo ningependa vijana walifikirie. Hakuna aliyerusha kitu. Wale waliobaki walirudi taratibu ukutani, wakayaweka mawe yao chini kwa mstari kama yalivyokuwa, wakasimama kila mtu nyuma ya lake. Walitutazama. Ningepata nafuu kama wangetupiga.

Yule mtu aliitwa Fundi Mbarouk, mshonaji, mwenye cherehani yake barazani mitaa miwili kutoka pale. Alipelekwa hospitali chini ya ulinzi, kwa sababu aliyepigwa na polisi lazima awe na kosa. Jiwe lake nililichukua kama kielelezo. Ndivyo nilivyofundishwa, na mikono yangu ilifanya bila kuniuliza.

Inspekta alinisubiri na karatasi.

"Waliokota mawe au hawakuokota?"

"Waliokota, afande."

"Huyu aliinua jiwe au hakuinua?"

"Aliinua."

"Alikuelekea wewe?"

"Ndiyo, lakini afande, yale mawe..."

"Koplo, nani kakuuliza zaidi?" Akainama, akapunguza sauti. "Ukiandika kwamba askari wangu wamewapiga watu wanaongoja mchele, wajua karatasi hiyo itasomwa na nani? Na wewe na mimi tutakuwa wapi?"

Nilijua. Miaka ile kila mtu alijua. Nikaandika: watu waliokota mawe, wakatujia, mtuhumiwa akainua jiwe kunielekea, nikatumia nguvu. Hakuna neno hata moja ndani yake lililokuwa la uongo. Mimi mtu wa usahihi nilikuwa sijawahi kujua kwamba mtu anaweza kusema uongo kwa maneno ya kweli matupu. Nikatia sahihi. Sahihi ile nimeiona baadaye; haifanani na yangu.

Kwa karatasi hiyo Fundi Mbarouk angeshitakiwa kwa kumtishia askari kwa silaha, na katika hali ya mwaka ule angefungwa bila shaka.

Nikaenda ghalani. Vuai alitazama uso wangu, akasukuma bati la biskuti. Nilikaa. Uzi haukupita. Daudi alikaa kando yangu, akautunga wa kwake mara ya pili, akaandika daftari, akaniambia, "Tulifuata amri, bwana. Usijitie maradhi." Akaenda zake. Mimi nilikaa hadi Alasiri. Uzi ulipita mara ya tisa, na nilikuwa nimejichoma vidole viwili.

Vuai akafungua daftari. Niliandika: 17. Abdalla. Kimetumika. Kifundo cha mkono wa kulia. Nilipofika safu ya mwisho kalamu ikasimama.

"Sababu?" aliuliza.

"Nitajaza kesho, afande."

"Kesho nitakuwepo," alisema, akaliacha wazi mezani.

Nyumbani mke wangu Zuwena alikuwa ameshasikia. Alipakua wali, akauweka mkekani, akakaa mbali nao.

"Fundi Mbarouk ndiye aliyekushonea kanzu ya harusi," alisema. "Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau.

"Nasikia hukujua mawe ya nini."

"Sikujua."

"Ungekuwa unapanga foleni ungejua." Akatazama ule wali. "Haya, kula."

Sikula. Na nilimjibu kwa ukali ambao sindano haikuuona. Maneno yenyewe siyaandiki, lakini hayakustahili kusemwa na mtu aliyekuwa na kosa kama langu.

Asubuhi nilitumwa hospitali kuchukua maelezo ya mtuhumiwa. Alikuwa kitanda cha mwisho, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni, askari mmoja kwenye kiti mlangoni. Nilitoa kalamu. Nilitegemea atanitukana na nilikuwa nimejiandaa kuandika matusi neno kwa neno.

"Wewe ndiye wa jana," alisema.

"Ndiye."

"Nna ombi moja. Lile jiwe langu liko wapi?"

"Kituoni. Ni kielelezo."

"Mpe mke wangu."

"Fundi, jiwe lile ndilo litakalokufunga."

"Nshajua hilo. Lakini nyumbani hamna mchele tangu juzi, na Bi. Mwajuma hampimii mtu bila jiwe. Mke wangu kaenda leo, karudishwa." Akafumba macho. "Wewe nifunge tu. Lakini watu wangu wapate kula."

Nilifunga kalamu. Sikuandika chochote, na ni mara ya kwanza katika kazi yangu kurudi na karatasi tupu. Nilipita uchochoroni kumwomba Bi. Mwajuma. Alikuwa mlangoni mwa duka na karai lake.

"Shikamoo, bibi."

Alikawia sana. "Marahaba."

"Mpimie mke wa Fundi. Jiwe lake ninalo mimi."

"Basi lilete. Nikimpimia mmoja bila jiwe, kesho wote watakuja mikono mitupu, na tutapigana wenyewe bila kuwahitaji nyinyi. Kanuni ni kanuni, koplo. Au zenu tu ndizo kanuni?"

Nikarudi kituoni, nikaingia ghalani moja kwa moja. Daftari lilikuwa pale pale, wazi. Katika safu ya vidole vitatu niliandika: Hakutishia mtu. Nilikosea. Nafasi ilitosha na ikabaki. Vuai alisoma, akakausha wino kwa karatasi. Kisha alivaa kofia yake, ambayo kwa kawaida hakuivaa ndani, akanifuata hadi mlangoni mwa Inspekta. Hakuingia, lakini alisimama pale anapoonekana.

Niliweka daftari mezani. Niliomba maelezo yangu ya jana yafutwe na haya yachukuliwe.

Inspekta alisoma mstari ule kwa muda mrefu kuliko yanavyohitaji maneno matatu. "Daftari gani hili? Nani kaliidhinisha?"

"Hakuna, afande. Lakini limeandikwa miaka yote, kila kirungu, kila siku. Likisomwa hilo, na yatasomwa mengine."

"Unanitisha, koplo?"

"La, afande. Nakueleza lilivyo."

Inspekta aliinuka, akafunga dirisha. Sijui angesema nini, kwa sababu wakati huo tulisikia kishindo kaunta, kama mtu aliyemwaga kifusi. Tukatoka. Bi. Mwajuma alikuwa amelitua karai lake juu ya meza, limejaa mawe, na nyuma yake watu kama ishirini wamesimama kwa mstari ulionyooka hadi barabarani.

"Nimekuleteeni silaha zetu," alimwambia Inspekta. "Zote zina nambari. Moja inakosekana, mnayo nyinyi. Zihesabu, halafu utuambie tusimame wapi."

Daudi alikuwa kaunta. Nilimwona akichukua jiwe moja, akaligeuza, akasoma nambari, akalirudisha polepole.

Inspekta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake iliona sasa kwamba watu ishirini ni wengi kuliko karatasi moja. Aliingia chumbani, akatoka na jiwe nambari 31, akanitia mkononi.

"Litoe mbele yangu. Huyo fundi aachiwe. Na wewe, tutaonana baadaye."

Nililiandika katika kitabu cha vielelezo: limerudishwa kwa mwenyewe. Kisha, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na plasta, na mke wake sikuwa na uso wa kumwendea mikono mitupu, nilikwenda foleni mimi. Nilikwenda na sare. Bi. Mwajuma, aliyekuwa ameshayarudisha mawe ya wengine ukutani, alilichukua jiwe, akalitazama, akaliweka ukutani mahali pake, la kwanza katika mstari. Alinionyesha kwa kidole nisimame nyuma ya lile jiwe. Duka lilikuwa limefungwa kwa muda wa Adhuhuri. Nilisimama juani saa moja na robo. Hakuna aliyenitukana wala kunisalimu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alisogea hatua moja nyuma na akaibakiza hatua hiyo hadi mwisho.

"Thelathini na moja!"

Niliinua jiwe juu ya kichwa changu kwa mkono wa kulia. Ni hapo tu, mkono ukiwa juu na kifundo kiko wazi, ndipo nilipojua alichokuwa akikifanya Fundi Mbarouk, na ni kwa kiasi gani mtu aliyeinua mkono hivyo hawezi kujikinga.

Mchele niliupeleka nyumbani kwake. Mke wake alifungua mlango nusu. Nikataka kusema niliyoyapanga njiani.

"Weka hapo," alisema, akaonyesha kizingiti. Nikaweka. Akafunga.

Nilisema mwanzo kwamba vyeo nitavipita. Hiki nitakitaja kwa kuwa kiliondoka. Baada ya wiki sita niliarifiwa kwamba si koplo tena, na kwamba nitahamishwa kituo kidogo upande wa Fumba. Vuai aliniambia nipeleke shati kwa fundi ili mistari ya mkononi ifumuliwe vizuri, isije ikachana kitambaa. Mafundi mjini walikuwa wengi. Nilizunguka nao kichwani siku mbili, kisha nikaenda kwenye baraza lile.

Fundi Mbarouk alikuwa amekaa pembeni ya cherehani, hajaifungua. Plasta imetoka. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda kidogo kwa nje, na vidole viwili vya mwisho havikujikunja. Nikampa salamu, akaitikia. Nikalitandika shati mbele yake na kumwonyesha mistari.

"Unataka nishone nini?"

"Sitaki ushone. Nataka uifumue."

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu hospitali. "Wamekuvua?"

"Wamenivua."

Alichukua wembe kwa mkono wa kushoto, akaanza kukata nyuzi, mmoja mmoja, polepole sana, kama mtu anayejifunza. Mistari ilipotoka, chini yake kitambaa kilikuwa na rangi ya kaki mpya, nyeusi kuliko shati lote, na kando yake tundu ndogondogo za mshono. Alipitisha kidole juu ya tundu hizo.

"Hizi zikiachwa zitafumuka. Zinataka uzi." Akanyoosha mkono kwenye mto wa sindano, akachomoa moja, akavuta uzi wa kaki. Akajaribu. Vidole vile viwili vikamzuia. Akajaribu tena. Kisha akanipa vyote viwili.

"Nitungie. Mke wangu ndiye anayenitungia siku hizi, na katoka."

Nilishika sindano mkono mmoja na uzi mkono mmoja. Nilivileta karibu na macho. Uzi ulipita kulia kwa tundu la sindano, kisha kushoto. Nikaulamba, nikausokota, nikajaribu tena, na ncha yake ikacheza mbele ya sindano. Aliona. Nilitegemea achukue shati anirudishie.

Badala yake alisogea kidogo barazani, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa.

"Mkono wako unatetemeka," alisema.

"Unatetemeka."

"Basi tungoje utulie."

Nikakaa. Tukangoja.